Kwa Nini Ua la Bahari Likikatwa Huongezeka

Nani alikudanganya kwamba ukikikata kitu umekimaliza? Usikimbilie kujibu. Kama unalo tangi la kioo sebuleni, ukalijaza maji ya chumvi na samaki wako wawili wa rangi, na wiki ya tatu ukaona juu ya jiwe kijiua cha kahawia chenye mikono mingi myembamba, basi ulichofanya kinajulikana. Ulichukua kisu. Kesho yake ukakuta vijiua sita, ukamlaumu aliyekuuzia jiwe. Mwache. Kosa hili ni la kale kuliko yeye, na lina mwenyewe. Mwenyewe ni Bi Tumu wa Shindoni.

Enzi hizo ua la bahari halikuwa na ukorofi huu. Lilikaa moja kwa kila mwamba, likifungua mikono maji yakijaa na kuikunja yakitoka, na ukilikata lilikufa, kama kinavyokufa kitu chochote chenye adabu zake. Kamba naye, yule mdogo anayejibanza kwenye nyufa za mawe, hakuwa na rangi yoyote. Alikuwa mwangavu hata utumbo wake unaonekana. Na maneno yalikuwa na uzito usio wa leo. Neno likisemwa juu ya maji ya chumvi, maji yaliliamini. Hayakujua kwamba binadamu husema uongo. Hilo tuliyafundisha sisi.

Bi Tumu alikuwa mjane aliyetembea juu ya miamba miaka arobaini, maji yakikauka, akichokoa pweza na kuokota chaza. Alijua kila shimo na mwenye shimo. Kisha magoti yakamkatalia. Mwaka wa kwanza alifika ufukweni kwa mkongojo, mwaka wa pili aliishia mlangoni. Alikaa kibarazani anaisikia bahari, na kuisikia bahari bila kuifikia ni sawa na kusikia jirani wanakula.

Jumbe wa mji, Haidari, alikuwa anamwoza binti yake kwa watu wa ng'ambo, watu wenye nyumba za ghorofa na maneno mengi. Akatafuta kitu kimoja tu cha kuwanyamazisha wakwe. Bi Tumu akamwambia: jenga birika uani, lakini lisiwe la maji ya kunawia, liwe la maji ya chumvi, lenye miamba yake na samaki wake, watu wakae ukingoni waitazame bahari bila kulowa. Kesho yake Jumbe aliutangazia mji wazo lililomjia alfajiri. Bi Tumu akamwachia. Aliyekuwa na haja ya samaki hakuwa na muda wa kugombea sifa.

Birika likajengwa kwa mawe na chokaa, likachimbiwa mfereji wa kuingiza maji yanapojaa na kuyatoa yanapokupwa. Bi Tumu akapewa ulinzi wake, naye akaweka sheria. Kila jiwe lioshwe, lianikwe juani siku tatu, ligeuzwe, lianikwe tena. Maji yakae siku kumi na mbili bila samaki hata mmoja. Jumbe aliguna, akauliza kama maji nayo yana eda. "Yana eda, Jumbe," akajibiwa. "Birika jipya halina tofauti na mtoto mchanga. Ukilishindilia, linatapika." Na sheria kubwa kuliko zote: mtu asiingize chuma majini, na mkono wa kugusa uwe mmoja, wa Bi Tumu.

Samaki waliletwa na Makame, mzamiaji, mtu mzima mwenye watoto watano na maneno machache. Aliwaleta mmoja mmoja ndani ya kifuu, kana kwamba anabeba uji wa mgonjwa. Bi Tumu alikaa kwenye kibao chake ukingoni, miguu ndani ya maji, anatafuna tambuu yenye popoo na chokaa, mate mekundu, anawaita samaki kwa majina ya mawifi zake. Magoti yaliacha kumuuma, au aliacha kuyasikiliza.

Ndipo ua lilipotokea. Lilikuja na jiwe gani, hakuna aliyejua. Lilikuwa dogo, la kahawia, na samaki aliyelipitia karibu aliruka pembeni kama mtu aliyekanyaga upupu.

"Bi Tumu, hilo si jema," Makame alisema. "Linawasha. Nilitoe pamoja na jiwe lake, nikalirudishe lilikotoka?"

"Makame, haya nilikuwa nayajua kabla mama yako hajatoboa masikio. Liache hapo."

Ukweli ni kwamba hakuwa anajua. Miamba aliijua, birika lilikuwa jipya kwake kama lilivyokuwa jipya kwa Jumbe. Lakini mtu aliyekwishaitwa bingwa hupata tabu kusema sijui. Makame alipoondoka, Bi Tumu alitazama kushoto, akatazama kulia, akafungua kijaluba chake cha tambuu, akatoa mkasi wa kukatia popoo, akalikata ua vipande vipande. Vipande saba vikazama kati ya mawe. Akafuta mkasi kwa kanga. Kwa sheria za enzi hizo, hadithi ingeishia hapo.

Lakini jirani yake, Mwanaate, alikuwa na macho. Alikuja uani kuomba moto, akachungulia birika. "Shoga, lile ua liko wapi?"

"Ua gani?"

"Ua gani! Asubuhi lilikuwa hapo linatupungia mikono. Umelikata?"

"Nilikate kwa chuma, ndani ya maji, mimi niliyewakataza nyote? Sijalikata."

Miguu yake ilikuwa majini. Neno likaanguka majini, na maji yakaamini. Sasa fikiri kama maji. Ikiwa ua halikukatwa, basi vile vilivyolala chini si vipande. Kila kimoja ni ua zima. Hadi alasiri maua saba yalikuwa yamesimama juu ya mawe, yamefungua mikono.

Jumbe alikuja na fimbo yake ya kutembelea barazani. "Nini hii?"

"Maua, Jumbe."

"Naona ni maua, sikuzaliwa jana. Lilikuwa moja. Nani kalichokonoa?"

Bi Tumu alimeza mate mekundu. "Labda Makame. Mkono wake mzito. Mimi sijalikata."

Siku iliyofuata hakuna aliyeweza kuyahesabu. Makame akaambiwa asikanyage tena uani. Alisema "haya" tu, akaondoka. Lakini kabla ya adhuhuri aliacha mlangoni kwa Bi Tumu kifuu cha maji chenye kamba watano wangavu, na ujumbe kwa mdomo wa Mwanaate: hawa hula makombo ya kila kiumbe, wajaribu. Ujumbe ule ulimkaa Bi Tumu kooni kuliko kibanzi cha popoo.

Kamba wakaingizwa majini. Walilizunguka ua la kwanza, wakaligusa kwa sharubu, wakarudi nyuma. La pili vilevile. Kamba ni mtu wa makombo: hula kilichobaki, hula kilichokatika, hali kilicho kizima. Na pale, kwa ushahidi wa Bi Tumu mwenyewe, vyote vilikuwa vizima.

Akajaribu chokaa ya tambuu. Alilichagua ua moja, akalilisha kidonge cha chokaa mdomoni, likajikunja, likafa. Alifurahi kama mtoto. Mwanaate akapiga makofi kutoka mlangoni, akasema, "Kumbe dawa unayo! Ila niambie kweli, shoga, mwanzo ulilikata?" Bi Tumu akajibu alivyozoea kujibu. Yakaongezeka kumi.

Alikuwa mwanamke wa kupima mambo. Alhamisi asubuhi, uani hakuna mtu, aliinama juu ya maji akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Sijalikata." Chini ya jiwe mbele yake vikachomoza vijiua vitatu. Akanyamaza mpaka adhuhuri. Hakikuongezeka hata kimoja. Akasema tena. Vikaongezeka vinne. Dawa alikuwa ameijua. Alichokosa ni mdomo wa kuinywea.

Samaki walikuwa wamebanana kwenye kona moja kando ya mfereji, mapezi yamechanika kwa kuchomwa. Maji yalipokupwa, maua kadhaa yaling'oka, yakafuata mfereji, yakaingia baharini. Jumbe alitazama mara moja tu. "Kesho wakwe wanaingia," alisema. "Lijazwe mchanga, litandikwe mikeka. Nitawaambia ni jamvi la kuchezea bao." Hakumgombeza Bi Tumu, na afadhali angemgombeza.

Ijumaa makapu ya mchanga yalipangwa ukingoni. Wachukuzi walikuwa wachache, hivyo Makame naye aliitwa, maana kwa kubeba mchanga mkono wake haukuwa mzito. Bi Tumu alikuwa kwenye kibao chake, miguu majini, tambuu imejaa shavu zima. Alitazama kona ya samaki. Alijua kwamba kapu la kwanza likimwagwa hataiona tena bahari maisha yake yote, ataisikia tu. Makame alinyanyua kapu, akasita, akamtazama. Hakuwa anamsuta. Alikuwa anamwonea huruma, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Ngoja," Bi Tumu akasema, lakini kwa ile tambuu ilitoka kama kikohozi.

"Anasemaje?" Jumbe akauliza.

"Anasema ngoja," Mwanaate akatafsiri. "Shoga, tema kwanza."

Neno zito halipiti kwenye mdomo uliojaa. Bi Tumu akainama akatema palepale, ndani ya birika alilokataza hata kunawia. Yale mate mekundu yakashuka majini kama nyuzi, yakawaangukia kamba watano waliojibanza chini ya ukingo, yakawachora mgongoni mstari kwa mstari.

Na tangu siku hiyo kamba yule ana mistari myekundu, na ukimtia katika tangi lako lenye maua haya hatakuuliza ruhusa, atakula, maana yeye alikuwepo akasikia kwamba ni makombo. Wale watano walikula tangu kabla ya swala ya Ijumaa hadi wakwe walipoketi ukingoni alasiri, wakanyamaza, mchanga ukarudishwa ufukweni na Makame akarudi uani. Lakini yale maua yaliyotoka na mfereji hayakuwepo kusikia kilichosemwa. Hadi leo, huko baharini na katika mawe yatokayo huko, yanaamini kwamba hayakukatwa kamwe, na ukiyakata kila kipande kinasimama kudai ni kizima. Ndiyo maana watu wa Shindoni, mtu akianzisha birika jipya, hawamuulizi ana samaki wangapi. Humuuliza ameingiza nini majini, na humtaka ajibu huku mkono wake umelowa.

Haya yote yalikuwa bado hayajatokea pale Bi Tumu alipojifuta midomo kwa ncha ya kanga. Kapu lilikuwa bado juu ya bega la Makame. Jumbe alikuwa amekwishafungua mdomo kusema mwageni. Bi Tumu aliteremka kwenye kibao, akasimama ndani ya maji hadi kwenye yale magoti yake, maua yakimchoma miguu pande zote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa nje:

"Mimi ndiye niliyelikata. Makame hakugusa kitu. Ni mimi."