Ubongo wa Akiba

Mtu mmoja alikuwa na kiwanda cha sukari katika bonde la miwa, na kiwanda hicho kilikuwa na bongo mbili. Msinicheke, ndugu zangu. Vilikuwa visanduku viwili vya chuma, kila kimoja hakizidi tofali la kuchoma, na ndani yake mlikuwa na akili ya kuamrisha kila pampu, kila vali, moto wa boila, na ile miiko mikubwa inayokoroga uji wa sukari ndani ya matangi. Mafundi huviita vidhibiti. Wa kwanza atawale. Wa pili ashike usukani siku wa kwanza atakapoanguka. Ndivyo alivyoambiwa Mzee Kobelo, mwenye kiwanda, alipovinunua.

Lakini Kobelo alikuwa mtu wa kutunza vitu. Akafanya kama tufanyavyo sote na sahani za wageni. Wa kwanza akamfunga ukutani akamtumikisha. Wa pili akamwacha ndani ya nailoni yake, akamfungia kabatini asichoke wala asiingiwe na vumbi. Kila Ijumaa baada ya swala alifungua, akampangusa, akafunga. "Mimi ninaye wa akiba," aliwaambia watu, na kifua chake kilitangulia kufika kabla ya miguu. Nyuma yake alifuata mdogo wake Mharami, naibu wa kiwanda kwa cheo, mbeba miwani ya kaka kwa kazi.

Adhuhuri moja, katikati ya msimu, wa kwanza akafa. Hakutoa moshi wala mlio. Taa zake zilizimika tu, na miiko ikasimama. Kobelo akakimbilia kabati, akachana nailoni, akampachika wa pili ukutani. Taa ikawaka. Watu wakapiga makofi kidogo, wakangoja. Hakuna kilichotikisika. Yule wa pili alikuwa mzima, safi, anang'aa, na hajui kitu: hajui pampu, hajui moto, hajui hata kama duniani kuna sukari.

Uji ukaganda ukawa jiwe. Watu waliingia matangini na sururu wakachimba sukari kama wachimbao kokoto, na nyuki wa bonde zima, nawaambia, waliacha maua wakahamia kwetu. Miwa ikakauka kwenye matrela. Wakulima wakaja mpaka getini, wakasema bila kupaza sauti: sukari ikiganda tena, tunang'oa miwa tunapanda mpunga. Na kiwanda kisicho na miwa ni banda la popo.

Ndipo akaitwa fundi Adventina, mwanamke wa Bukoba asiyembembeleza mtu. Akaiokota ile nailoni sakafuni, akaitazama.

"Mzee, huyu ulimweka wa nini?"

"Nilitaka abaki mpya, mama."

"Amebaki mpya. Hilo ndilo lililotuua."

Akamtengeneza wa kwanza, akamrudishia yote aliyokuwa akiyajua. Kobelo alitaka wote wawili wawashwe kwa pamoja, mambo yaishe. Adventina akakataa. Ukiwawasha hovyo, alisema, yule mjinga anaweza kuwahi kiti. Akamwasha wa kwanza peke yake, akamngoja hadi taa yake ikatulia, boila ikapumua, miiko ikaanza kuzunguka. Kisha akawaunganisha wawili hao kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea, unaopitisha mwanga ndani yake, na hapo tu akamwasha wa pili. Taa yake ikapepesa, ikapepesa. Alikuwa akimeza kila alichokijua mwenzake. Halafu ikatulia.

"Sasa anafanya nini?" Kobelo akauliza.

"Kila anachofanya mwenzake. Ila mikono ameifunga."

Matangi yalikuwa yamejaa uji wa moto. Wakulima walikuwa getini. Adventina akamsogeza Kobelo mbele ya ukuta, akamwonyesha plagi ya wa kwanza, akamwambia achomoe.

 Mzee akageuka nyuma kutafuta mtu wa kumwachia kiwanda iwapo moyo ungesimama pale pale, akamwona Mharami na miwani mkononi. Akamtazama kwa muda. Mtu huyu alikuwa nyuma yake tangu ujana wao, na hakujua ni vali ipi inayofunga mvuke. Hakuwahi kuambiwa.

Kobelo akaweka kiganja kimoja juu ya tangi. Kwa mkono wa pili akachomoa.

Taa za wa kwanza zikazimika. Chini ya kiganja chake, ndani ya chuma cha moto, mwiko ulikuwa umefika nusu ya mzunguko wake. Ukaumaliza. Ukaanza mwingine. Pampu hazikusita hata kiasi cha kukohoa. Wa pili hakuwa ameanza upya. Aliendelea pale pale mwenzake alipoishia, kama mtu anayepokea wimbo bila kukata pumzi. Kobelo akavua kofia yake, akasimama kichwa wazi mbele ya kile kisanduku, kama asimamavyo mtu mahali patakatifu. Hata wale wakulima wa getini, waliokuwa wamesogea hadi mlangoni na mapanga yao ya miwa, waliinamisha macho.

Hatimaye mzee akatwaa miwani mkononi mwa Mharami, akaivaa mwenyewe, akamshika mkono ambao sasa ulikuwa mtupu, akauweka juu ya vali ya mvuke pamoja na wake.

"Mdogo wangu," alisema, "nisamehe. Tuifungue wote."

Enyi mnaojisifu kuwa mna warithi: ukichomolewa sasa hivi, katikati ya sentensi yako, ni nani atakayeimalizia?