Mbutolwe na Kilima Kilichochimbwa Tumboni

Paukwa!
Pakawa!
Mfinyanzi?
Hulia gaeni!
Na anayemnyang'anya hilo gae?
Hula vumbi!

Haya, sogeeni. Mwenye mtoto anayelia ampe titi, mwenye kikohozi akikohoe sasa hivi, maana ngano hii haipendi kukatwa.

Hapo kale, milima ilipokuwa bado inawavumilia watu, palikuwa na nchi ya Ikondo chini ya kilima kiitwacho Lupembwe. Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Mbutolwe. Alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na homa, akamwachia binti mmoja, Tumpe. Huyo Tumpe ndiye aliyekuwa macho yake, na miguu yake, na usingizi wake.

Vyungu vya Mbutolwe, msiniulize! Ukikigonga kinaitika. Ukikiinjika hakichoki. Bibi alikirithisha kwa binti, binti akakirithisha kwa mjukuu, na chungu bado kipo jikoni kinachemka. Ikondo nzima ilipikia humo.

Udongo wake aliutoa Lupembwe. Mahali penyewe alipajua yeye peke yake, kama alivyopajua mama yake, na mama wa mama yake. Alikwenda alfajiri, kijiti cha kuchimbia mkononi, kikapu kichwani. Akifika hachimbi. Hukaa kwanza. Huitazama miamba kama imepasuka. Huonja maji ya chemchemi kama yamechafuka. Akiona kilima kimetulia, ndipo huimba:

*Lupembwe, Lupembwe,*
*nimekuja na mikono miwili,*
*nitarudi na kichwa kimoja,*
*nipe kidogo, ubaki mzima.*

Huchimba kutoka juu, kidogo kidogo, kisha hujaza shimo kwa mawe na kulifunika kwa nyasi. Tumboni mwa kilima hagusi. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, Lupembwe ana mimba ya maji. Ukimchimba tumbo, atazaa kabla ya wakati wake." Na tena alimwambia, "Usimwonyeshe mtu, ila binti yako."

Mbutolwe akayashika yote mawili.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mtemi, Mwangoka. Siku moja mtemi huyo alialikwa karamu katika nchi ya jirani, akaiona nyumba ya mwenzake: ndefu, pana, mlango wake unapita ng'ombe wawili. Alirudi kwake hali wala halali. Akamwita Mbutolwe.

"Mama Tumpe, nataka kujenga nyumba kwa udongo wako. Kuta nyekundu, zing'ae, mgeni aione kabla hajavuka mto. Nionyeshe shimo."

"Mtemi wangu, udongo ule ni wa vyungu. Kilima hakitoshi kuwa nyumba."

"Nimekuuliza kinatosha?"

"Hukuniuliza, Mtemi."

"Basi nionyeshe."

Mbutolwe akainamisha kichwa, wala hakuinuka kwenda. Mtemi akamtazama, akatabasamu. Jamani, kuna tabasamu ambalo heri kofi! Akawaambia askari wake, "Mleteni Tumpe. Atanisagia nafaka hapa uani mpaka nitakapouona udongo."

Wakamchukua Tumpe mbele ya mama yake. Binti hakulia. Alisema tu, "Mama, usinifikirie mimi." Lakini mama gani huyo asiyemfikiria mwanawe? Yupo hapa?

*Hayupo!*

Hayupo. Mbutolwe akarudi nyumbani, akakaa, akawaza. Akajiambia: mwenye nguvu mpishe, ila usimpishe njia ya kweli. Kesho yake akampeleka mtemi ng'ambo ya bonde, penye udongo mweusi. "Ni hapa, Mtemi." Vijana wa Ikondo wakaitwa, wavulana kwa wasichana, wakachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kuta zikasimama. Jua likawaka. Kuta zikapasuka pa! pa! pa! kama mahindi kikaangoni.

"Umenidanganya," akasema mtemi.

"Mtemi wangu, labda maji yalizidi."

Akampeleka mahali pengine, kule chini kwenye udongo mweupe. "Ni hapa, Mtemi. Kweli ni hapa." Vijana wakachimba tena, viganja vikatoka damu. Kuta zikasimama. Mvua ikanyesha. Kuta zikayeyuka, zikatiririka uani kama uji.

Watu wakaanza kunung'unika. Hawakumnung'unikia mtemi, maana mtemi ana askari. Walimnung'unikia Mbutolwe. Jirani yake, Syabumi, ambaye kijana wake Lusajo alikuwa miongoni mwa wachimbaji, alimjia mlangoni.

"Mama Tumpe, unamficha mtemi udongo, sawa. Lakini mikono inayooza ni ya wanetu."

Mbutolwe akampa majani ya kumfungia Lusajo viganja. Siri aliyokatazwa kuitoa hakuitoa.

Mara ya tatu mtemi hakuuliza. Alimleta Tumpe akiwa amemtwika kikapu na jembe. "Safari hii binti yako mwenyewe atachimba. Ukinidanganya, atachimba mpaka afe."

Hapo ujanja wa Mbutolwe ukamwishia. Akapanda Lupembwe, miguu mizito, na nyuma yake nchi nzima. Akafika mahali pale. Akaonyesha. Udongo ulikuwa mwekundu kama ini, laini, unang'aa. Watu wakashusha pumzi.

Mbutolwe akapiga magoti. Alitaka kuimba, lakini askari akamsukuma kando. Basi akasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Mtemi, nakusihi. Chimbeni kutoka juu. Msiingie chini. Jazeni shimo kwa mawe. Humo tumboni mna maji. Mkimgusa tumbo, ataanguka na watu."

Mtemi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mnamsikia? Mara ya kwanza alisema ni hapa, ikawa siyo. Mara ya pili akaapa ni hapa, ikawa siyo. Leo anasema humo msichimbe. Basi ndimo ulimo ule mzuri! Ingieni tumboni!"

Na watu wakacheka pamoja naye. Walikuwa na haki ya kucheka. Mwongo akisema kweli, kweli yake nayo huvaa nguo za uongo.

Wakaingia tumboni. Wakachimba pango kubwa, wakatoa udongo kwa vikapu, kuta za mtemi zikapanda nyekundu nyekundu, zikang'aa, wala hazikupasuka, wala hazikuyeyuka. Mtemi akafurahi. Akamwambia Mbutolwe, "Unaona? Kilima kimenipa tumbo lake, wala hakijalia."

Mbutolwe hakuondoka mlimani. Kila asubuhi alikaa juu ya pango, akaitazama miamba, akayaonja maji. Asubuhi moja aliyaonja yakawa na matope. Akainuka. Akaona ufa kwenye nyasi, mwembamba kama unywele. Alipouangalia tena, uliingia kidole. Alipouangalia tena, uliingia mkono.

Akateremka mbio, kanga imemponyoka, hakuiokota.

"Tokeni! Tokeni, wanangu! Lupembwe anakuja!"

Askari wakamzuia kwa mikuki. Mlangoni mwa pango alisimama Lusajo, mwana wa Syabumi, jembe begani. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akasema kwa upole tu, kama mtu aliyechoka:

"Mama, umetudanganya mara mbili. Utuache tumalize."

"Lusajo, baba, safari hii ni kweli!"

"Hata zile ulisema ni kweli."

Tumpe alikuwa nje. Mnanisikia? Alikuwa nje, ametoka kumwaga kikapu. Aliisikia sauti ya mama yake, na katika watu wote yeye peke yake aliijua: alijua inavyokuwa mama akidanganya, na inavyokuwa asipodanganya. Akatupa kikapu. Angeweza kukimbilia kwa mama yake, hatua chache tu. Akageuka, akaingia ndani kuwavuta wenzake.

"Tumpe!" mama yake akaita.

"Nakuja, mama!"

Kilima kikashuka.

Sitawaeleza sauti yake. Nitawaeleza ukimya wake. Hata mbuzi hawakulia. Kisha maji mekundu yakaanza kutoka chini ya mawe, taratibu.

Mbutolwe alichimba kwa mikono. Syabumi alichimba kando yake. Mama wote wa Ikondo walichimba, kucha zikang'oka. Waliwapata wachache, na Lusajo alikuwa mmoja wao, amekufa. Tumpe hakuonekana. Lupembwe alibaki naye.

Watu wakiwa bado wamelala kifudifudi juu ya yale mawe, mtemi akasimama mbele yao, safi, hana hata tone la tope. Akasema, "Mlisikia wenyewe. Alisema kilima kitaanguka na watu. Alijuaje? Amekiroga."

Uchungu hauna macho, wenzangu. Ukionyeshwa mtu, unamshika huyo huyo. Syabumi ndiye aliyetangulia. Alimtemea Mbutolwe mate usoni, akasema, "Mchawi! Umemla mwanangu, umemla na wako!" Wakamfukuza kwa mawe. Mbutolwe akavuka mto bila chungu, bila mkeka, akajenga kibanda cha majani upande wa pili, akakaa humo. Hakufinyanga tena. Mikono yake aliificha kwapani kama vitu vya aibu.

Na Ikondo je?

Ikondo ilikuwa na vyungu. Kimoja kikavunjika. Cha pili kikavunjika. Miaka ikapita, cha mwisho kikavunjika, na hapakuwa na mwenye kujua kutengeneza kingine. Watu wakala vya kuchoma kama wawindaji. Wazee wasio na meno wakanyonya mahindi mabichi na kulia. Mtemi akaamuru watu wachimbe tena. Hakuna aliyeshika jembe. Akatuma askari. Askari nao walikuwa na watoto waliofukiwa chini ya Lupembwe. Wakaweka mikuki chini, wakaenda zao. Mwangoka akabaki ndani ya kuta zake nyekundu, anaita, haitikiwi, mpaka sauti ikamkauka.

Siku moja, mchana, Syabumi akavuka mto.

"Hodi, Mama Tumpe."

Hilo jina halikuwa limetamkwa muda mrefu. Mbutolwe akasema, "Nani amekutuma?"

"Njaa."

"Siku ile uliniitaje?"

"Nilikuita mchawi."

"Na leo?"

Syabumi akaketi mavumbini. "Leo nasema: kilima ndicho kilichomuua mwanangu. Mtemi ndiye aliyekichimba. Na wewe ulitudanganya. Yote matatu nimeyabeba, sikuweza kutua hata moja."

Mbutolwe akamtazama sana. "Hayo ndiyo," akasema. "Hata mimi nimebeba hayo hayo. Ningewafundisha wote namna ya kuchimba tangu mwanzo, nani angeingia tumboni kwa neno la mtemi? Kawaite wenzako. Waje mchana, waje wote, wake kwa waume."

Wakaja. Akawapeleka mahali pengine ukingoni mwa mto, penye udongo kidogo wa kutosha vyungu tu, aliouonyeshwa na mama yake na kuukalia kimya. Aliwaonyesha kutazama mwamba. Aliwaonyesha kuonja maji. Aliwaonyesha kuchimba kutoka juu na kujaza shimo. Wimbo akawapa, wakauimba, yeye hakuimba. Udongo hakuugusa, alielekeza kwa kidevu.

Chungu cha kwanza cha Syabumi kilipasukia motoni. Cha pili kilipasukia motoni. Cha tatu kilitoka kizima, kimepinda mdomo kidogo. Akamletea Mbutolwe.

Mbutolwe akatoa mkono kwapani. Akakigonga. Akasikiliza.

"Kitapikia," akasema. Kisha akauliza, "Lusajo alikuwa akipenda kula nini?"

Syabumi akakipangusa chungu ule mdomo uliopinda. "Maharage," akasema. "Maharage na nazi."

"Basi tumpikie."

Wakawasha moto. Wakapika maharage mpaka yakaiva, wakala kutoka chungu kimoja, wanawake wawili.

Ngano yangu imetua mzigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mle hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyopakuliwa. Mimi nimenyamaza, asemaye sasa ni moto huo, na wenyewe unakwenda kulala.

*Na ulale!*