Hatua Mia za Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmenuna? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani sana, wanyama walipokuwa wakilima, shamba lilipimwa kwa hatua. Kule tambarare, shamba moja walianza kulipalilia mvua zikianza, wakafika mwisho mvua zimekwisha. Huku mlimani shamba lilikuwa kipande tu. Lakini kote sheria ilikuwa moja: kila nyumba hatua mia.

Bi Pimbi alikuwa na mia zake mlimani. Alizipima mwenyewe, tepe tepe tepe, akapanda viazi. Katikati akachimba shimo, akawalaza wanawe watatu.

Siku moja Ndovu akapanda kutoka tambarare. Ukame umemfukuza. Akasimama mbele ya baraza la wanyama wa mlimani, akasema kwa upole, "Naomba shamba. Sitaki cha mtu. Nipeni hatua mia kama wengine."

"Ni haki yake," akasema Kakakuona, jirani yake Bi Pimbi.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Bi Pimbi. Masikini, alimhurumia mgeni. Hakuna aliyeuliza, mia za miguu ya nani?

Ndovu akaanza kupima kutoka mtoni, palipokuwa patupu. Di! Moja. Di! Mbili. Kufika hamsini, shamba la Kakakuona lote liko nyuma yake. Bi Pimbi akamkimbilia mbele.

"Mzee, ngoja kidogo."

"Usinikatize, mama, nitapoteza hesabu."

Di! Sitini.

Bi Pimbi akatimua mbio hadi shimoni. Akamtoa mtoto wa kwanza. Di! Themanini. Akamtoa wa pili. Udongo unamwagika, shimo linatitia. Di! Tisini na saba. Akaingia tena. Giza. Akapapasa, hakuna. Akapapasa, hakuna. Akashika sikio, akavuta, akatoka nalo pamoja na mwenye sikio.

Di! Mia. Mguu ukatua juu ya shimo.

"Nimemuumiza mtu?" akauliza Ndovu.

"Hapana, mzee," akajibu Bi Pimbi. Anawapangusa wanawe udongo.

"Afadhali. Na sikuzidisha hata moja."

Kweli, hakuzidisha. Hilo ndilo lililomtisha Bi Pimbi kuliko kishindo: hakuwa na wa kumshtaki. Akawachukua wanawe, wakapanda mwambani. Akapima shamba jipya, tepe tepe tepe, hatua mia za mawe matupu. Mpaka leo pimbi halimi.

Funzo ndilo hili, wakubwa kwa wadogo: ukiambiwa mnagawana sawa, kabla hujainua mkono, uliza kipimo ni cha nani.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye ya kwake aitoe.