Wosia wa Mzee Senkoro

Mtu mmoja wa milima ya Upare, Mzee Senkoro, alikuwa na shamba linalonyweshwa na ndiva, yaani bwawa la kijiji ambalo watu hulifungua kwa zamu. Mgawa maji huita jina lako, ndipo unafungua. Anayefungua kabla ya kuitwa hutozwa mbuzi, na mbuzi huyo huliwa mbele ya macho yake. Si mambo ya mchezo. Senkoro alizeeka bila kutozwa hata mara moja, na tuseme ukweli, alijivunia hilo kupita kiasi.

Mwanawe Mbonea alipopata nafasi katika chuo cha ufundi wa magari, mbali na kwao, baba alimpa wosia mmoja tu: asiguse kitu mpaka aitwe. Mtoto mtiifu! Aliushika vilevile alivyopewa.

Chuoni kulikuwa na injini moja na wanafunzi thelathini. Kipindi kikianza, wenzake walisukumana, kila mmoja akinyakua spana. Mbonea alisimama nyuma, mikono mgongoni, akingoja jina lake. Mwalimu akamwona mvivu, akaacha kumtazama. Yeye akadhani zamu yake bado. Miaka miwili, ndugu zangu! Siku ya mtihani ndipo aliposhika spana kwa mara ya kwanza, wala hakujua aanzie wapi. Akarudishwa nyumbani.

Baba akamuuliza kwa hasira miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini.

"Nilingoja kuitwa, baba. Hawakuniita."

Mzee amlaumu nani? Kijana hakukaidi. Mwalimu hakujua habari za ndiva. Na wosia wenyewe haukuwa wa uongo, maana kule milimani ndio uliomlisha yeye na watoto wake. Hata mimi ninayewasimulia nimeugeuza huku na huku mpaka kichwa kinaniuma, sijaona kosa liko wapi. Maji ni elimu, hilo mmeshalielewa, msinitazame hivyo. Linalonitatiza ni jingine.

Mwezi uliofuata binti yake, Nakiete, naye alipata nafasi ya masomo. Asubuhi ya safari alipiga magoti mbele ya baba yake apokee neno. Senkoro akafumbua kinywa, akakifumba. Akafumbua tena. Barabarani gari likapiga honi, na binti bado amepiga magoti, anangoja.

Ninyi mnaomcheka mzee huyu, nanyi mna watoto: mngemwambia nini?