Mizinga ya Kuamkia

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bandari moja ya kusini mwa Uchina aliishi mja mwema akiitwa Shamsi Ding. Kazi yake ilikuwa ukalimani, na mjini hapo ni yeye peke yake aliyekijua Kireno.

Zama hizo pwani ile ilijaa hofu. Maharamia walichoma vijiji na kuteka watu, na baadhi yao walikuwa Wareno. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemuua Nuhu, mwana wa pekee wa Shamsi. Basi wageni wote wa magharibi, Wareno kwa Wahispania, watu waliwatazama kwa jicho moja: leo mfanyabiashara, kesho haramia.

Asubuhi moja merikebu ya Kireno iliingia bandarini, ikapiga mizinga. Akina mama walibeba watoto wakakimbilia milimani. Askari waliizingira merikebu, na nahodha wake, Duarte, akaletwa mbele ya liwali amefungwa kamba.

"Muulize kwa nini ameupiga mji wangu," liwali alimwambia Shamsi.

Duarte alijibu, "Kwetu, anayeingia bandari ya watu bila kupiga mizinga huwa amewadharau wenyeji. Ilikuwa baruti tupu. Nilikuwa nawaamkia!"

Shamsi alijua ni kweli, kwani desturi hiyo aliiona ujanani, alipokaa Malaka, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Alijua pia kwamba neno moja la uongo lingetosha kumlipia Nuhu kisasi, wala hakuna binadamu ambaye angegundua.

Muuza samaki mmoja alipaza sauti: "Unangoja nini, Mzee Ding? Sema ni haramia, twende zetu tukale!"

Watu wakacheka. Shamsi akapiga bismillahi moyoni, akasema, "Mheshimiwa Liwali, anasema alikuwa anatuamkia. Nami nashuhudia kwamba ndiyo desturi yao."

"Kuamkia!" liwali alifoka. "Na wakiagana, huchoma nyumba? Ding, si watu hawa waliokuulia mwanao?"

"Waliomuua ni Wareno, mheshimiwa. Lakini si huyu."

"Na akiwa ametuhadaa?"

"Shingo yangu hii hapa, kando ya yake."

"Baba aliyefiwa hawezi kumsingizia wema adui yake," liwali alisema, akaamuru kamba zikatwe. Ila alimwonya Duarte: akirudi, asubiri nje ya bandari, na mizinga yake isitoe sauti.

Nyumbani, mkewe Safura alimngoja mlangoni. "Nasikia umewatetea."

"Nimefikisha maneno yao, mke wangu."

"Na Nuhu wetu?"

"Nuhu yuko kwa Mola wake. Ningemlipia kwa uongo, ningekutana naye kwa uso gani?"

Safura alilia. Kisha akamletea maji ya udhu.

Msimu uliofuata, merikebu ileile ilionekana. Watu walianza kukomea milango. Lakini ilitia nanga mbali, midomo ya mizinga imezibwa kwa majani makavu, ikatulia pale ikingoja. Muuza samaki alikuwa wa kwanza kusukuma mashua yake majini.

"Panda, Mzee Ding," alisema. "Leo wametuamkia kwa kunyamaza."

Wanangu, maneno ya mtu ni amana, hata yakitoka kinywani mwa adui. Shamsi aliyafikisha bila kuyapinda, na mji uliokuwa ukikimbia ukajifunza kungoja. Mola atujaalie ndimi kama ulimi wake.