Mafuta Kwenye Baiskeli ya Mbonea

Sifa hupandisha, breki hushusha. Ndiyo hiyo mliyoisikia asubuhi, mzee Sekiete alipokuwa akimwambia yule kijana aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji, na nyie mkacheka mkidhani anaisema pikipiki yake mpya. Hakuwa akisema pikipiki. Kaeni basi, na wewe weka hiyo simu chini, maana mimi sirudii. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa kwetu Upareni, mwezi wa Desemba, wakati watu wa mjini wanaporudi nyumbani na kila mmoja ana lake la kuonyesha.

Palikuwa na fundi aitwaye Mcharo, mtu wa mageti, majembe na baiskeli. Alikuwa na dada yake, Nakijwa, mjane mwenye mtoto mmoja tu, kijana wa kiume aitwaye Mbonea. Huyo Mbonea alikwenda Arusha kutafuta maisha, akakaa miaka mitatu bila kurudi, hata mama yake akaanza kusema atakufa hajamwona. Mwaka ule kijana akamtumia fundi ujumbe: Mjomba, nitengenezee baiskeli ya milimani, yenye springi mbele na nyuma, nikija Krismasi niteremke nayo kutoka mnarani kule juu mlimani hadi sokoni, watu waone.

Nakijwa aliposikia alikwenda mwenyewe hadi karakana. Alisimama mlangoni, hakukaa. "Kaka," alisema, "mtengenezee vizuri. Mimi ninaye huyo mmoja."

Mcharo aliyabeba maneno yale. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa vipimo vya miguu ya mpwa wake. Springi, gia na breki zililetwa na basi, zimefungwa kwenye boksi. Breki zilikuwa za namna ambayo kijiji hakijapata kuiona: kidiski chembamba cha chuma katikati ya kila gurudumu, na pedi mbili ndogo za kukibana. Baiskeli zetu sisi zilikuwa zile nyeusi, nzito. Ukirudisha pedeli nyuma inasimama, na breki yenyewe imejificha ndani ya gurudumu. Unaweza kuiogesha baiskeli ile kwa mafuta na isidhurike.

Mbonea alipofika, siku ya Alhamisi, Mcharo aliitoa baiskeli nje, na nusu ya kijiji ilikuwapo. Alikandamiza siti, ikazama, ikainuka. Mtu akasema hata kitanda cha hoteli hakifui dafu. Mcharo akakandamiza tena. Akawaonyesha springi ya mbele, akawaonyesha ya nyuma, akawaeleza alivyochomelea bila kuacha hata tundu la sindano. Watu wakasifu mpaka kivuli cha karakana kikahama upande. Breki hakuna aliyeziuliza, na fundi hakuzitaja. Mbonea alizunguka uwanjani mara mbili, akazibana, zikakamata, basi, yakaisha.

Sasa, kwetu kitu kipya hakitoki nyumbani kikavu. Mtoto mchanga hupakwa mafuta, bibi harusi hupakwa, na baiskeli nayo hupakwa. Jumapili asubuhi, kabla kijana hajapanda mlimani, Nakijwa alitoa chupa ya mafuta ya nazi na kitambaa, akaipaka baiskeli ya mwanawe huku akiomba kimoyomoyo. Alipaka fremu, usukani na pedeli, ikang'aa hata kuku wakaikimbia. Majirani walikuwa wamejaa uani. Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika, akasema, "Mbona hivyo visahani vimefifia? Bibi harusi gani anatoka na miguu ya vumbi?" Watu wakacheka. Mbonea naye akacheka, akachukua kitambaa kwa mama yake, akavisugua vile vidiski kimoja baada ya kingine, mpaka vikawa kama kioo.

Kisha akampa mama yake simu yake, isije ikaruka mfukoni, akaanza kupanda. Mlima kupandwa hautaki breki. Alikanyaga taratibu, watu wakimshangilia njia nzima, na pale paliposhinda miguu alishuka akasukuma. Makubaliano yalikuwa kwamba kengele ya kanisa ikilia watu wakitoka ibadani, yeye ndipo aanze kuteremka.

Mcharo alichelewa kufika kwa dada yake, kwa sababu ya goti lake la kulia, ambalo lilikuwa bovu tangu zamani. Aliukuta ua mtupu. Nakijwa alikuwa mlangoni anajifunga kitenge atoke, na kile kitambaa kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba. Mcharo alikitazama. Kilikuwa na mafuta, na katikati kilikuwa na alama mbili nyeusi za mviringo.

"Mmepaka wapi?" aliuliza.

"Kote," alisema Nakijwa.

"Kote wapi, dada?"

"Kote, kaka. Hata vile visahani. Hivyo alivisugua mwenyewe."

Mcharo alijua pedi zikishanywa mafuta hazibani tena, zinateleza tu, na kadiri unavyokamata ndivyo unavyojidanganya. Alimwambia Nakijwa ampigie kijana haraka. Simu ya kijana ikalia mkononi mwa Nakijwa mwenyewe. Bodaboda wote wawili wa kijiji walikuwa wameshateremka sokoni na abiria. Kwenda mnarani kwa miguu ni saa nzima, kwa mtu mwenye magoti mawili mazima.

Akawaza barabara yote kuanzia juu. Kona ya kwanza ni pana, atapita. Ya pili na ya tatu zina kingo za udongo, ataparuzika lakini atapita. Ya nne ni Kona ya Jiwe. Pale barabara inakunja ghafla, na ng'ambo ya barabara hakuna kitu, ni korongo. "Njoo nyuma yangu," alimwambia dada yake, na hakumweleza zaidi, kwa sababu hakuthubutu kulisema. Akashika njia ya mkato kupitia migombani, goti likimuuma kila hatua, akijiambia kengele bado, kengele bado.

Kengele ikalia hajatoka migombani.

Alipofika Kona ya Jiwe aliwakuta wanawake kama kumi wamepumzika na mizigo yao ya majani ya ng'ombe, wakimsubiri Mbonea apite wampigie vigelegele. "Tupeni majani ukingoni," Mcharo alisema, pumzi haimtoshi. "Yote. Hapa, kabla ya korongo."

"Majani yangu, Mcharo?" alisema mmoja. "Tangu alfajiri niko msituni nakata. Ng'ombe wangu wale sifa za baiskeli yako?"

"Hana breki," alisema Mcharo. "Zimepakwa mafuta. Hana breki, na yeye hajui."

Yule yule aliyekataa ndiye aliyekata kamba ya kwanza. Wakamwaga majani, wakavuta na majani makavu ya migomba yaliyokuwa kando, wakarundika mpaka likawa rundo la kufika kifuani. Mcharo akatupa na koti lake juu, kana kwamba koti moja lingeongeza kitu.

Ndipo wakasikia vigelegele kutoka juu, kona ya kwanza. Watu kule waliona kijana anapita kwa kasi ambayo hawajapata kuiona, wakadhani ni ufundi. Wakashangilia. Vikaja vigelegele vya kona ya pili, vikubwa zaidi, na makofi. Mcharo alisimama katikati ya barabara. Kila shangwe iliyokaribia ilimchoma, kwa kuwa alijua wanachokishangilia. Alitamani mtu mmoja tu kule juu anyamaze. Akamwona dada yake anatokea migombani, simu mkono mmoja na chupa ya mafuta mkono wa pili, hata hakujua kwamba bado ameishika.

Mbonea akatokea. Springi zilikuwa zinafanya kazi yake vizuri ajabu, mawe yote yalipita chini yake kama hayapo, na ndiyo maana mwendo haukupungua hata kidogo. Miguu ilikuwa nje ya pedeli, anaburuza soli za viatu, vidole vimekaza breki zote mbili mpaka mwisho. Uso wake haukuwa wa mtu anayejionyesha.

"Kwenye majani!" Mcharo alipiga kelele. "Mbonea, usikunje! Ingia kwenye majani!"

Kijana alimsikia mjomba wake. Hakukunja. Aliingia kwenye rundo kwa kishindo, majani yakaruka, na yeye akapita juu ya usukani, akaanguka upande wa pili kifudifudi. Kiganja chake kimoja kilikuwa kinaning'inia kwenye korongo.

Wanawake wakamvuta kwa miguu. Alikuwa mzima. Mtulinga ulikuwa umevunjika, kidevu kimechanika, lakini alikuwa anaita mama. Nakijwa alipiga magoti barabarani akamshika kichwa, akawa anampapasa kote, kama alivyoipapasa baiskeli asubuhi ile. Alipomaliza kumpapasa akainua macho kwa kaka yake.

"Kaka, hukumwambia visahani havipakwi mafuta?"

Mcharo alikuwa amekaa chini, goti limemshinda. Angeweza kusema nani alimtuma asugue. Angeweza kusema mila ni zenu, mafuta ni yenu. Hakusema hivyo.

"Springi nilimwonyesha mara ishirini," alisema. "Breki sikumwonyesha hata mara moja. Watu walikuwa wananisifu, Nakijwa, nikanogewa. Sifa ndizo zilizompandisha mwanao kule juu, na mimi zilinipandisha kabla yake. Lakini sifa hazijui kumshusha mtu. Kushusha ni kazi ya breki."

Maneno yale yalibebwa na wale wanawake wa majani mpaka sokoni jioni ile, na kwa kuwa yalikuwa marefu, njiani wakayapunguza.

Mbonea alipona. Bega lake la kushoto liko chini kidogo ya la kulia mpaka leo, mtazameni akija. Hakurudi tena Arusha. Alikaa na mjomba wake karakanani akajifunza kazi, na ndiye anayewatengenezea baiskeli zenu. Si mmeona akikukabidhi baiskeli kitu cha kwanza anakuambia bana breki, na usipobana hakuachii? Nyie mnamwita mzee wa mikwara. Sasa mmejua.

Na yule jirani mwenye mdomo, aliyesema visahani vimefifia? Nakijwa hakumlaumu hata siku moja, wala Mcharo hakumtaja, na hilo ndilo linalomuuma. Msihangaike kumtafuta. Ameketi mbele yenu, anawasimulia. Nilisema neno moja la kuchekesha watu uani, na nikakaa nikingoja vigelegele, kumbe nilikuwa nimemtuma mtoto wa mwenzangu korongoni.

Kwa hiyo yule mwenyekiti wenu mpya, tangu jana mnamsindikiza na ngoma. Msindikizeni, siwakatazi. Lakini mmoja wenu awe na ujasiri wa kumuuliza breki zake ziko wapi, angali anapanda. Sifa hupandisha, breki hushusha.