Matawi Matatu ya Kinyonga

Wenye masikio, mpo?
— Tupo nayo!
Nitie gia?
— Tia, twende!

Hapo zamani, wanyama walipoanza kuendesha magari, bajaji ya Kinyonga ilizimika mlimani, karibu na kona. Bajaji hiyo ndiyo iliyomlishia watoto. Kinyonga akafanya kama madereva wote wafanyavyo: akakata matawi matatu yenye majani, akayapanga barabarani nyuma yake, ili ajaye apunguze mwendo. Kisha akainamia injini, jicho moja kwenye plagi, jicho moja barabarani.

Akaja Tembo na lori lake, gru-gru-gru!

Akaona tawi la kwanza. Akatoa mkonga dirishani, nyaka! Akala.
Akaona tawi la pili. Akatoa mkonga dirishani, nyaka! Akala.
Akaona la tatu, bichi kuliko yote. Akatoa mkonga, nyaka! Hata mbele hakutazama. PWAAA! Bajaji chali, Kinyonga kichakani.

"Weye kijiti!" Tembo akafoka. "Unaegesha barabarani bila hata tawi moja?"

Akaitwa Korongo, mkaguzi wa bima. Akapita huku, akapita kule.

"Kinyonga, matawi yako wapi? Kosa likiwa lako, bajaji hutengenezewi, na mwakani ada yako ya bima inapanda."

"Yameliwa, Bwana Mkaguzi. Na huyu hapa."

"Mimi?" Tembo akacheka. "Namwogopa Mungu mimi! Sijatia kitu kinywani tangu jana."

Shahidi hakuna. Korongo akatikisa kichwa. Kinyonga akageuka rangi ya majivu.

"Basi labda sikuweka," akasema. "Afadhali! Maana matawi yangu nilikuwa nimeyapaka sumu ya mchwa. Anayeyala, kwanza tumbo hunguruma. Kisha masikio huwa mazito. Kisha, innalillahi."

Tumbo la Tembo likasema: nguruuu!

"Masikio yangu!" Tembo akalia. "Mbona mazito hivi? Maji! Nileteeni maji!"

"Kwani umekula nini, mzee?" Korongo akauliza.

"Matawi! Yote matatu! La tatu ndilo lililonifanya nimgonge! Nakiri, jamani, nisife na dhambi!"

"Kosa ni lako," Korongo akasema. "Bima yako itatengeneza bajaji, na ada inayopanda ni yako."

Kinyonga akawa kijani kibichi. "Kunywa maji, mzee Tembo, kalale. Sumu ningeitoa wapi mimi?"

Basi wanangu, mmeona wenyewe: uongo haufai, Mungu haupendi. Hata Kinyonga huwaonya abiria wake hivyo kila siku, ndani ya bajaji iliyonyooshwa na kupakwa rangi mpya kwa bima ya Tembo.

Gari langu limefika. Mnashuka?
— Tumeshuka!